Urari wa Fani katika Michezo ya Video na Lugha ya Miongozo ya Zamani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu aina ya matini ambayo haina heshima kubwa katika vyuo vikuu, nayo ni mwongozo wa mchezo wa video. Huu ni kitabu au waraka unaomweleza mchezaji apite njia gani, achukue silaha gani na, jambo tutakalolichunguza kwa karibu zaidi, amchague mhusika wa aina gani. Miongozo hiyo ilistawi kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000. Wachezaji waliokuwa vijana wakati huo sasa wanaitamani. Wanaitafuta, wanainunua ikiwa imechakaa, na wanaisoma hata pale ambapo mtambo wa kuuchezea mchezo wenyewe haupo tena nyumbani. Maelezo ya kawaida ni kwamba watu hao wanatamani ujana wao. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, kwani ujana wao ulikuwa na vitu vingi na si vyote vinavyotamaniwa kwa namna hiyo. Tutajaribu kuonyesha kwamba matamanio haya yana sababu ya kiisimu, yaani yanatokana na uhusiano maalumu uliokuwapo baina ya matini na kitu kilichoelezwa na matini hiyo. Uhusiano huo hudhihirika zaidi pale mwongozo unapozungumzia urari wa fani.

Istilahi hizi mbili, urari na fani, zinahitaji kutetewa kwanza.

2.0 Suala la istilahi

Katika michezo mingi ya kubuni maisha ya mashujaa, mchezaji huanza kwa kuchagua mhusika wake awe mtu wa namna gani: mpiganaji, mganga, mchawi, mwizi, mwindaji. Kiingereza huyaita makundi hayo kwa neno lilelile linalotumika kwa matabaka ya jamii na kwa madarasa ya shule. Mfasiri mwenye haraka atasema "tabaka". Neno hilo halifai. Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa aliyefundishwa siasa katika miaka ya Ujamaa, tabaka lina juu na chini, lina wanyonyaji na wanyonywaji. "Daraja" lina kasoro hiyohiyo. Ilhali madai ya mtunzi wa mchezo ni kwamba hakuna aliye juu ya mwenzake. Mganga na mpiganaji wanatofautiana kwa kazi tu. Tunapendekeza "fani", kwa maana yake ya ujuzi aliofunzwa mtu hadi ukawa ndio kazi yake. Wenzetu wa fasihi watalalamika, maana wamelizoea neno hilo likiwa mwenzi wa maudhui. Wavumilie.

Istilahi ya pili ni nzito zaidi. Watu husema kwamba fani za mchezo ziwe na "usawa", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Tuchukue mchezo wa bao. Kila mchezaji ana kete 32. Wote wawili huanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Kila anachoweza kufanya mmoja, mwingine anaweza pia. Huo ndio usawa kamili: pande mbili zinalingana kwa sababu ni kitu kimoja kilichorudiwa. Atakayeshinda ameshinda kwa akili yake, ukiondoa faida ya anayeanza. Kwa upande mwingine, mganga na mpiganaji hawafanani hata kidogo, wala haitakiwi wafanane. Kinachotakiwa ni kwamba tofauti zao zikipimwa, jumla zikaribiane. Mhasibu analo neno la hali hiyo, nalo ni urari: upande huu na upande ule vina vitu mbalimbali, lakini jumla zinakubaliana. Washairi nao wanalo, wanaposema urari wa vina na mizani. Kwa hiyo katika makala haya "usawa" ni wa bao, na "urari" ni wa fani.

3.0 Urari ulioenezwa katika muda

Fani hazikuzaliwa katika kompyuta. Zilitokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Vifaa vyake ni karatasi, penseli na dadu. Fani za kwanza zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975. Kila fani ilikuwa na ngazi zake za kupanda, na bei za ngazi hazikulingana. Ili kufika ngazi ya pili kasisi alihitaji alama 1,500, mpiganaji 2,000, na mchawi 2,500.

Mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa kiumbe wa kuhurumiwa. Alikuwa na uchawi mmoja tu wa kutumia, na akishautumia alibaki na kisu. Lakini akinusurika hadi ngazi za juu, huwapita wote. Kwa hiyo urari uliokusudiwa haukuwa wa dakika moja ya pambano, bali wa maisha mazima ya wahusika wakiwa pamoja. Mpiganaji humlinda mchawi leo, naye atamlipa baadaye. Aliyesema "mchawi ni dhaifu" na aliyesema "mchawi ana nguvu kupita kiasi" waliweza kuwa sahihi wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Jambo hili lina matokeo katika lugha. Urari wa namna hiyo hauwezi kuelezwa na jedwali la tarakimu peke yake. Unahitaji sentensi zenye njeo: mwanzoni atakuwa hivi, akishafika hapa atakuwa vile, ukimkatia tamaa kabla ya hapo utakuwa umepoteza. Mwongozo wa fani ulilazimika kuwa na usimulizi ndani yake, na hapo ndipo ulipoachana na maagizo ya kutumia jiko au redio, ingawa maktaba nyingi zingeviweka katika rafu moja.

4.0 Mwongozo na mtambo: mfano wa Final Fantasy

Final Fantasy ulitolewa na kampuni ya Square nchini Japani mwezi Desemba 1987, ukafika Marekani mwaka 1990. Mchezaji huunda kikosi cha watu wanne kutoka katika fani sita. Kwa kuwa fani moja yaweza kurudiwa, vikosi vinavyowezekana ni 126, bila kuhesabu mpangilio wao. Uchaguzi hufanywa mara moja, mwanzoni kabisa, kabla mchezaji hajaona chochote, na haubadilishwi hadi mwisho. Mtu aliyekosea kuchagua hugundua baada ya saa nyingi. Hapo ndipo mwongozo ulipopata uzito wake: msomaji alikuwa akiomba ushauri juu ya jambo lisilo na kurudi nyuma.

Fani hizo sita ni mpiganaji, mwizi, bingwa wa ngumi, na watu watatu wa mambo ya siri ambao, katika Kijapani cha asili na katika Kiingereza pia, hutofautishwa kwa rangi tu: mweupe, mweusi na mwekundu. Kiswahili hakikubali kirahisi. Mweupe huponya, kwa hiyo ni mganga. Mweusi huunguza na kuua, kwa hiyo ni mchawi. Lugha yetu imekwisha kuwahukumu kabla mchezo haujaanza. Mwekundu, anayefanya yote mawili kwa kiasi, hana jina. Mwanafunzi wa tafsiri anayetafuta mfano wa lugha inayogawa ulimwengu mahali ambapo lugha nyingine haigawi, anao huu.

Sasa tuangalie urari wao. Kila mhusika huonyeshwa akiwa na alama ya akili, na ya mchawi ni kubwa. Mchezaji yeyote ataifahamu alama hiyo kuwa kipimo cha nguvu ya uchawi, na kwa ufahamu huo mantiki ya fani inaeleweka: yule mwekundu anajua mambo mengi kidogokidogo, mchawi anajua jambo moja barabara. Lakini katika toleo lile la kwanza programu haikuitumia alama hiyo ilipokokotoa uchawi. Moto uliowashwa na mwekundu uliunguza sawasawa na moto uleule uliowashwa na mchawi. Kilichombakizia mchawi ubora ni kwamba aliweza kujifunza aina za juu zaidi na kuzitumia mara nyingi zaidi. Tena, uchawi uliokusudiwa kumwongezea mwenzako nguvu ya pigo haukuongeza chochote. Mapanga yaliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya majitu au mazimwi hayakuwa na athari ya ziada kwa majitu wala mazimwi. Uwezekano wa upanga kupiga pigo la hatari ulichukuliwa kimakosa kutoka katika namba ya upanga huo kwenye orodha ya silaha, badala ya kutoka katika sifa zake. Programu hiyo iliandikwa na Nasir Gebelli, Mmarekani mzaliwa wa Iran aliyekuwa hodari sana katika kazi yake. Makosa ya namna hii ni ya kawaida pale ambapo mengi yanabanwa katika kumbukumbu ndogo.

Makosa haya hayaonekani kwa macho. Yalijulikana baadaye, wachezaji walipoifungua programu na kuisoma mstari kwa mstari. Kwa muda wote wa kabla ya hapo walikuwapo watu waliomnunulia mpiganaji wao upanga wa mazimwi na kuamini kwamba zimwi linaumia zaidi. Kwa hiyo tuna viwango vitatu: urari uliokusudiwa na watunzi, urari uliotendeka ndani ya mtambo, na urari ulioaminiwa na wachezaji. Mwongozo uliochapishwa uliegemea cha kwanza na kukilisha cha tatu. Mwaka 1990 jarida la Nintendo Power liliutolea mchezo huu mwongozo mzima, na kwa wasomaji wake wengi hicho ndicho kilikuwa chanzo cha elimu yote kuhusu fani hizo.

Msomaji wa isimu ataona tunakoelekea. Mwongozo wa aina hiyo ni ndugu wa sarufi elekezi. Hueleza lugha jinsi inavyopaswa kuwa, kwa sauti ya mwenye mamlaka, na wanaoisoma huamini kwamba ndivyo ilivyo. Hatudhamirii kuudharau kwa hilo. Kizazi kizima kiliucheza mchezo kupitia maneno yake, na uzoefu wao haukuwa wa uongo kwa sababu tu tarakimu fulani haikusomwa na programu.

5.0 Waraka wa maandishi matupu

Aina ya pili ya mwongozo iliandikwa na wachezaji wenyewe. Mwaka 1995 Jeff Veasey aliianzisha hifadhi ya GameFAQs, na maelfu ya nyaraka hizo zikakusanywa humo. Umbo lake lilikuwa gumu kama la utenzi. Hapakuwa na picha, rangi wala herufi za mlazo. Kila herufi ilichukua nafasi sawa na nyingine, na mstari haukuzidi herufi 79. Jina la mchezo lilichorwa juu kabisa kwa kupanga alama za taipureta. Chini yake ilifuata namba ya toleo la waraka, tarehe, na historia ya marekebisho: siku fulani nimeongeza sura ya silaha, siku fulani nimesahihisha kosa nililoonyeshwa na msomaji. Mwishoni kulikuwa na shukrani, na mara nyingi onyo kali dhidi ya wezi wa maandishi. Vichwa vya sura vilipewa alama fupi ndani ya mabano ili msomaji azitafute kwa kompyuta, maana waraka uliweza kuwa mrefu kama kitabu na haukuwa na kurasa.

Lugha yake ni tofauti kabisa na ya kitabu kilichochapishwa kwa idhini ya kampuni. Kitabu cha kampuni hakina fani mbaya. Kila mhusika husifiwa, kwa kuwa kitabu kinauzwa pamoja na mchezo na hakiwezi kumwambia mnunuzi kwamba sehemu ya sita ya alichonunua haifai. Mwandishi wa waraka wa bure hana deni hilo. Hutumia nafsi ya kwanza umoja bila haya. Humwamuru msomaji, kisha humpa sababu; hukubali kwamba wapo wasiokubaliana naye, akawajibu; na anapofika kwenye mwizi husema waziwazi kwamba mwizi hafai kitu hadi apandishwe daraja awe ninja. Baadhi waliandika kuhusu kuumaliza mchezo kwa waganga wanne watupu, zoezi lisilo na faida yoyote isipokuwa kuonyesha ni wapi hasa urari unapovunjika. Kwa maoni yetu hizo ndizo nyaraka bora kuliko zote, kwa sababu mwandishi hakuweza kunakili ushauri wa mtu mwingine. Ilimbidi afikiri upya kila pambano.

Nyaraka hizi, kwa mlinganisho tulioutumia, ni sarufi fafanuzi. Zilianza na kinachotendeka. Ndizo zilizoeneza habari za alama ya akili isiyosomwa na mapanga yasiyo na athari. Hata hivyo zilishirikiana na vitabu vya kampuni katika sharti moja kubwa: mchezo ulikuwa umekwisha kufungwa. Kaseti ikishauzwa haikubadilika. Kosa lililokuwamo mwaka 1987 lilibaki humo. Kwa hiyo mwongozo ungeweza kukua hadi ukakamilika, toleo la 0.5 likawa 1.0, na mwandishi akaweka kalamu chini. Hapa ndipo tunapoiona sababu ya matamanio. Msomaji alikuwa na kitu kilichotulia na matini iliyokuwa ikikikaribia mwaka hadi mwaka. Ubishi juu ya fani ipi bora uliweza kuisha, au angalau uliweza kuendelea miaka kumi juu ya jambo lilelile.

Mchezo wenyewe ulipotolewa upya, matoleo ya baadaye yalirekebisha makosa mengi. Toleo la mwaka 2004 lilibadilisha hata namna ya kuhesabu uchawi, na lile la mwaka 2021 likarudia hesabu ya zamani. Jina ni moja, fani ni sita zilezile, lakini urari si uleule, na waraka wa mwaka 2000 sasa unamdanganya asiyesoma mistari yake ya juu.

6.0 Kunoa na kufubaza

World of Warcraft ulianza Novemba 2004 ukiwa na fani tisa, na huchezwa kwa mtandao na watu wengi kwa pamoja. Kampuni ya Blizzard inayoumiliki huweza kuzibadilisha kanuni zake usiku, na asubuhi mchezaji akamkuta mhusika wake si yule wa jana. BradyGames walichapisha mwongozo wa kitabu mwaka uleule. Mwaka 2005 fani ya mwindaji ikapangwa upya, mwaka 2006 zikafuata ya shujaa mtakatifu na ya mchawi, pamoja na nyingine. Kitabu kilikuwa bado rafuni dukani, kinaeleza fani ambazo hazipo.

Wachezaji wa Kiingereza wana kitenzi cha kupunguza nguvu za fani, kilichotokana na jina la kibiashara la vinyago vya sponji, Nerf: fani iliyoguswa hupiga kana kwamba imeshika upanga wa sponji. Ni mfano mzuri wa jina la pekee lililogeuka kitenzi. Kwa Kiswahili tunapendekeza "kufubaza", na kinyume chake "kunoa". Vitenzi hivi viwili ndivyo vilivyotawala mazungumzo ya wachezaji, na sintaksia yake inastahili kuangaliwa. Katika miongozo ya zamani fani ilikuwa kiima: mganga anaponya, mwizi anakimbia. Katika mazungumzo mapya fani ni kiima cha kauli ya kutendwa: mganga amefubazwa, mwindaji amenolewa. Mtendaji, ambaye ni kampuni, mara nyingi hatajwi, lakini kila mtu anamjua. Fani imeacha kuwa na tabia, imekuwa na historia ya kutendewa. Hapo malalamiko huzaliwa, kwa kuwa mtu halalamikii kaseti.

Mfano mmoja wa ugumu wa urari ni huu. Hadi Januari 2007 shujaa mtakatifu alipatikana upande mmoja tu wa vita vya mchezo huo, na mganga wa mizimu upande wa pili tu. Kuzilinganisha pande mbili zenye nyenzo tofauti kulizaa ubishi usiokwisha. Mwezi huo kila upande ulipewa fani zote mbili. Yaani watunzi waliuacha urari wakarudi kwenye usawa wa bao.

Soko la vitabu halikustahimili hali hii. BradyGames, iliyoanza mwaka 1993, iliunganishwa na Prima Games mwaka 2015. Na Prima, iliyoanza mwaka 1990, ilitangaza mwaka 2018 kwamba inafunga kazi yake ya kuchapisha miongozo. Ni kweli kwamba video na maelezo ya bure mtandaoni yaliua biashara hiyo. Lakini yalikuwapo pia mabadiliko ya kitu chenyewe: mwongozo wa fani umekuwa kama utabiri wa hali ya hewa, na hakuna anayejalidi utabiri wa hali ya hewa.

7.0 Jaribio la kuusimamisha wakati

Agosti 2019 Blizzard, kwa kushinikizwa na wachezaji, waliufungua upya mchezo huo katika hali yake ya mwaka 2006. Kanuni za fani zilisimamishwa. Hapakuwa na kunoa wala kufubaza. Kwa mtafiti hili ni jaribio adimu sana, kwani matamanio yalipewa karibu kila kilichoombwa.

Ragnaros, adui mkuu wa pango la moto, aliuawa kwa mara ya kwanza Aprili 2005, miezi mitano baada ya mchezo kuanza. Mwaka 2019 aliuawa kabla juma moja halijaisha. Sababu mojawapo ni kwamba fani za mwaka 2006 zilikuwa na nguvu kuliko za mwaka 2005. Sababu kubwa zaidi ni maarifa. Miaka 13 ya hesabu ilikuwa imekwisha kufanywa, na kila fani ilikuwa imepimwa hadi tarakimu ya mwisho. Vikosi vikajazwa wapiganaji, waliojulikana kuwa ndio wenye madhara makubwa. Fani ambazo mwaka 2005 zilikuwa zikibishaniwa kwa hamasa ziliachwa nje bila ubishi. Kanuni zilirudi. Kutojua hakukurudi, na bila kutojua mwongozo hauna kazi ya kumshawishi mtu, hubaki orodha.

Inaelekea watunzi walilitambua hilo. Novemba 2023 walifungua msimu wa mchezo huohuo ambamo fani zilipewa kazi ambazo hazikuwa nazo: mchawi akaweza kuponya, na mwizi akaweza kusimama mbele kupokea mapigo. Ujuzi huo mpya ulifichwa sehemu mbalimbali za ramani bila maelezo, ili wachezaji waanze tena kutafuta na kuulizana. Kwa muda mfupi sehemu hizo zote zilikuwa zimekwisha kuandikwa, na wachezaji wengi wakaziendea moja kwa moja wakiwa na orodha mkononi. Wachache waliosema kwamba hawatasoma chochote kabla ya kutafuta wenyewe walilazimika kulitangaza hilo kwa wenzao mapema, kabla ya kukaribishwa kikosini.